Kigoda cha Msikilizaji

Wanafunzi waliniita Mama Huruma, na msidhani waliniita hivyo kwa mapenzi. Walilivuta jina hilo, Mama Huruuuma, kisha wakatimua mbio huku wakicheka. Nilijitia kiziwi. Kusema kweli lilinipendeza. Tulikuwa walimu kumi na tisa, na wenzangu wote walikuwa na majina ya wadudu, ya magonjwa na ya vyuma. Mimi peke yangu nilipewa jina la kitu kizuri, na kichwa kikanivimba.

Nilifundisha lugha, na juu ya hayo nilikuwa mwalimu wa ushauri. Kazi hiyo hakuna aliyeitaka, kwa hiyo hakuna aliyeniwekea masharti. Nilipewa chumba kilichokuwa stoo ya michezo, chenye mipira iliyokwisha upepo, neti iliyotafunwa na panya na harufu ya soksi ambayo haikutoka hata nilipopiga deki kwa siku tatu mfululizo. Nikatoa kila kitu, nikabakiza viti viwili. Kimoja kilikuwa stuli ndefu ya maabara. Cha pili kilikuwa kigoda alichokuwa akikalia mlinzi getini. Nikaweka sheria moja tu: anayesema anakaa juu, anayesikiliza anakaa chini. Basi mimi, mtu mzima wa miaka arobaini na minne, na makalio yangu haya, nilikaa kwenye kigoda magoti yakikaribia kidevu, nikamtazama mtoto kutoka chini. Halafu nikasema maneno yangu yaleyale kila siku: "Kila mtu ana mlango wake. Mimi nabisha, nangoja. Sina haraka."

Wenzangu walinicheka. Aliyenicheka kuliko wote ni mwalimu wa nidhamu, ambaye wanafunzi walimwita Chuma. "Siku utakayokwama kwenye hicho kigoda," aliniambia, "usituite tuje kukunasua."

Sasa niwaambie habari za Bimkubwa. Alikuwa msichana wa kidato cha pili, miaka kumi na sita, mrefu kuliko walimu watatu. Jina alilipata kwa mwendo wake: polepole, mikono nyuma, kama mwenye nyumba anayekagua wapangaji. Hakupiga mtu. Kupiga ni kazi ya wajinga, aliwahi kuniambia. Yeye alipanga foleni. Kila asubuhi kabla ya kengele, wasichana wa kidato cha kwanza walijipanga nyuma ya vyoo, wakapita mmoja mmoja kumsalimia. Aliyesalimia kwa sauti ndogo alirudishwa mwisho. Aliyetabasamu alirudishwa mwisho. Asiyetabasamu alirudishwa mwisho vilevile, na waliobaki mwisho walichelewa paredi wakachapwa na Chuma. Yaani Bimkubwa alitesa watoto wa watu kwa mkono wa mwalimu wa nidhamu, na mwalimu wa nidhamu, kwa akili zake zile, alichapa miezi mitano bila kujiuliza kwa nini wanaochelewa ni walewale.

Shule yetu ilikuwa na utaratibu wa barua tatu. Ya kwanza, mzazi anaitwa. Ya pili, mwanafunzi anakaa nyumbani wiki mbili. Ya tatu ni kwaheri, na nakala yake inapelekwa shule zote za jirani ili asipokelewe popote. Bimkubwa alipata ya kwanza kwa sababu ya ile foleni. Ya pili aliipata kwa kumfungia msichana mdogo kwenye stoo ya chaki tangu mapumziko hadi jioni. Alipomfungulia akakuta amejikojolea, na badala ya kumwachia aende zake, aliita darasa zima lije linuse.

Mkuu wa shule alivuta droo mbele yangu akanionyesha barua ya tatu ikiwa imeshachapwa. "Imebaki tarehe na sahihi," alisema.

"Niachie mimi, Mkuu."

"Huyo mtoto hana dawa, Mwalimu."

"Niachie muhula huu tu. Nikishindwa, weka tarehe."

Alinitazama kama mtu anayetazama mteja anayenunua kiatu kisichomtosha. Akasema ananipa mpaka Ijumaa ya mwisho kabla ya likizo. Siku hiyo angekuja mwenyewe kukaa darasani kwangu, amwone Bimkubwa kwa macho yake, kisha aamue. Nikatoka ofisini nimeinua kichwa. Nilitaka kumwokoa yule msichana, hilo ni kweli. Nilitaka pia Chuma aone ninavyomwokoa, na hilo ni kweli zaidi.

Wiki ya kwanza Bimkubwa alikaa juu ya stuli, akaning'iniza miguu, akawa anakagua utosi wangu. "Mwalimu, una mvi hapa katikati," ndiyo sentensi pekee niliyoipata kwa siku tano. Wiki ya pili akanipa jambo la kufikiri.

"Wewe unataka siri yangu," alisema. "Mimi napata nini?"

"Unapata nafuu moyoni."

Alicheka mpaka stuli ikatikisika. "Siri kwa siri, Mwalimu. Ukitoa na mimi natoa. La sivyo tutazeekea humu."

Kila mwalimu wa ushauri anafundishwa siku ya kwanza kwamba hilo halifanywi. Mimi nililifanya. Nilimwambia kwamba mume wangu, ambaye shule nzima ilijua ni marehemu na ilinichangia hata rambirambi, yu hai na ana afya njema, anaishi mtaa wa tatu kutoka kwangu na mwanamke mwingine, na tukikutana sokoni hunipungia mkono. Bimkubwa alisikiliza bila kupepesa. Kisha akalipa: mama yake alipoondoka alimchukua mdogo wake wa kiume, akamwacha yeye na cherehani. "Cherehani ndiyo alisema atairudia," aliongeza.

Nilitoka pale nimelewa. Hakuna mwalimu katika shule ile aliyewahi kusikia sentensi ndefu kiasi kile kutoka kwenye kinywa kile. Wiki iliyofuata nikatoa nyingine, kwamba nilifeli mtihani wa ualimu mara mbili, naye akanirudishia ndogo, kwamba hawezi kulala watu wengine wakiwa macho. Nikajua nyuma ya hiyo kuna kubwa. Nikabisha.

"Ipo kubwa," alisema. "Lakini zako zimekwisha ladha, Mwalimu. Nipe ya mtu mwingine. Nipe ya Chiriku."

Chiriku alikuwa msichana wa darasa lile lile, mdogo wa umbo, meno ya mbele yamepishana, na mdomo wake haukujua mapumziko. Tulimpa jina la ndege yule kwa sababu aliongea akila, aliongea akiandika, na wakati wa mtihani aliongea na karatasi. Alilelewa na bibi yake. Mama yake, alivyotuambia sote, alikuwa ng'ambo, akifanya kazi katika hoteli yenye ghorofa thelathini. Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, wanafunzi wangu walisoma mbele ya darasa maandishi yoyote waliyotoka nayo nyumbani, kisha wenzao wakauliza maswali. Chiriku alisoma barua za mama yake. Theluji, lifti, mgeni aliyesahau meno yake ya bandia kwenye glasi. Darasa zima lilingoja barua zile, na kwa nusu saa kwa wiki yule mtoto asiye na sare ya kubadilisha alikuwa tajiri kuliko wote.

"Bahasha zake hazina stempu," Bimkubwa alisema. "Kwa nini?"

Mimi nilijua kwa nini. Bibi yake aliniambia siku ya kumwandikisha, mlango umefungwa, amenishika kifundo cha mkono asiniachie mpaka nimeapa. Mama yake Chiriku alikuwa gerezani. Alimmwagia mumewe maji ya moto, akafungwa miaka saba, na alikuwa ametumikia mitatu. Barua zile Chiriku aliziandika mwenyewe. "Ni wewe peke yako, mwanangu," bibi alisema. "Wewe na mimi na Mungu."

Nilijipa sababu nzuri. Nilijiambia kwamba Bimkubwa akijua kuna mwenzake aliyeachwa na mama, moyo utamlainika. Ni sababu nzuri kweli, naweza kuiandika kwenye ripoti. Lakini niseme ukweli wangu wote maana hakuna anayenilazimisha: nilikuwa na njaa ya ile siri kubwa, na mfukoni nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja cha kubadilishana. Nikamwambia. Miaka saba, maji ya moto, barua, yote.

Bimkubwa akalipa, na alilipa kikamilifu.

Baba yake alikuwa fundi cherehani mwenye karakana kubwa, mafundi sita chini yake, na jioni wote walikula pamoja kwenye meza ya kukatia vitambaa. Wakati wa kula baba humgeukia binti yake na kumuuliza mambo yake. Huuliza kwa upole sana. Usiogope, mimi ni baba yako, niambie. Akishaambiwa huwageukia mafundi na kusema, mmesikia? Na mafundi hucheka, kwa sababu anayewalipa anacheka. Bimkubwa alikojoa kitandani mpaka miaka kumi na mbili. Siku moja baba aliuliza kwa nini godoro liko nje, tena kwa ile sauti yake, na mtoto akasema. Wale mafundi wakaambiwa wamshonee nepi. Walimpima kwa futi, wakaishona kwa vitambaa vilivyobaki, wakaitia lesi pembeni ili ipendeze. Aliivaa juu ya sare yake kila jioni wakati wa kula, mwaka mzima, na wateja waliopita walionyeshwa ushonaji wake.

"Baba huanza kwa upole," alisema. "Kama wewe tu."

Mimi mpumbavu niliona nimesifiwa. Nilimshika mkono, machozi yakinitoka, nikamwambia amekuwa jasiri sana. Nikamwomba kitu kimoja: amtunze Chiriku.

Na alimtunza. Hapa ndipo roho inaponiuma, kwa sababu haikuwa maigizo. Foleni ya nyuma ya vyoo ilikufa. Kwa wiki mbili Bimkubwa alikaa dawati moja na Chiriku, akamgawia biskuti, akamsindikiza mpaka kona ya kwao, na wavulana waliozoea kumvuta Chiriku nywele wakaanza kupita mbali. Siku moja niliwakuta kwenye ngazi. Chiriku anachonga maneno kama kawaida, Bimkubwa anamsikiliza, na Bimkubwa alikuwa amekaa ngazi ya chini yake. Nilikwenda chooni nikalia kwa furaha.

Kama ningefunga mdomo wangu hapo, nisingekuwa na hadithi ya kuwasimulia.

Jumatano, siku mbili kabla ya ile Ijumaa, tulikuwa ofisi ya walimu tunakunywa chai ya saa nne. Chuma akaanza. Bimkubwa anaigiza, alisema. Anajua barua iko kwenye droo, ndiyo maana amekuwa malaika, na Mama Huruma amevishwa kilemba cha ukoka na mtoto wa shule. Walimu wakacheka. Damu ikanichemka. Nikasema hamjui alikotoka yule mtoto. Chuma akasema tuambie basi. Na mimi, ili nimnyamazishe Chuma, ili niwe mshindi kwa kikombe kimoja cha chai, nikawaambia.

Nilipomaliza, mwalimu mmoja wa hesabu alikuwa ameinamisha kichwa. Nikadhani nimeshinda.

"Lesi?" Chuma aliuliza. "Nyeupe au ya rangi?"

Ofisi ikapasuka. Mwalimu wa jiografia alipaliwa na chai mpaka akapigwa mgongoni. Na mimi, Mungu ananiona, kona ya mdomo wangu ikapanda. Nilitabasamu ili nisionekane nimeudhika.

Alhamisi asubuhi kwenye paredi, shule nzima imejipanga, Chuma alipita akikagua sare. Akasimama mbele ya Bimkubwa. "Sketi yako fupi," alisema kwa sauti ya kufika mpaka ukutani. "Mwambie baba akuongezee lesi. Nasikia anajua kupima."

Wanafunzi walicheka bila kujua wanacheka nini, kwa sababu Chuma akitania ni salama zaidi kucheka. Walimu kwenye veranda walicheka wakijua. Nilimtazama Bimkubwa. Hakugeuza shingo kunitafuta. Alicheka pia, kicheko kifupi cha heshima, akaishusha sketi yake kidogo. Nikapumua. Nikajiambia ameyameza, amekua.

Kweli niliwaza hivyo: amekua.

Ijumaa Mkuu alikuja na daftari lake, akakaa nyuma kabisa karibu na dirisha. Chuma alimfuata bila kualikwa. Chiriku alikuwa na barua mpya, aliyoikunja mara nne. Mama alikuwa amepandishwa cheo, sasa ana funguo za ghorofa nzima. Darasa likamshangilia. Nikauliza nani ana swali, na Bimkubwa akanyanyua mkono.

"Mwalimu, naomba nimuulize Chiriku, lakini tukae vizuri. Naweza kuleta vile viti?"

Nilimtazama Mkuu kuhakikisha amesikia. Nikampa ufunguo wa chumba changu. Alirudi na stuli mkono mmoja na kigoda mkono wa pili, akaviweka mbele ya ubao. Akamsaidia Chiriku kupanda stuli, akamnyooshea na kola. Kisha yeye, na urefu wake ule, akakaa kwenye kigoda, magoti yakikaribia kidevu, akamtazama kutoka chini.

"Kila mtu ana mlango wake," alisema. Sauti ilikuwa yangu. Hata kule kunyamaza kidogo katikati kulikuwa kwangu. "Mimi nabisha, nangoja. Sina haraka."

Mkuu alinitazama akatikisa kichwa kwa kuridhika. Niliandika neno "maendeleo" kwenye daftari langu. Bado liko pale.

"Mama anaamka saa ngapi huko?"

"Saa kumi na moja," Chiriku alisema, anang'aa. "Mapema sana, kabla ya wageni."

"Anaamka mwenyewe au anaamshwa?"

"Anaamshwa. Kuna kengele."

"Kengele ya wote?"

"Ya wote, ndiyo."

"Na nguo anazovaa, anachagua yeye?"

"Wanapewa. Wote wanafanana. Ni sare ya hoteli."

Mimi hapo nilishaelewa. Nataka mjue hivyo. Niliposikia neno kengele niliweka kalamu chini, na kwenye swali la nguo nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini Mkuu alikuwa anaandika huku akitabasamu, na Chuma alikuwa amekunja uso kama mtu anayeelekea kushindwa. Nikajiambia labda sivyo. Nikangoja swali moja zaidi.

"Na usiku," Bimkubwa aliuliza kwa upole, upole wa kumbembelezea mtoto mchanga, "mlango wa chumba chake unafungwa kwa ndani, au kwa nje?"

Chiriku alifungua mdomo. Akaikunja tena barua yake.

"Usiogope. Sisi ni ndugu zako. Miaka saba si mingi, na mitatu imeshakwisha. Umebakiza minne tu ya kutusomea barua." Akaligeukia darasa. "Mmesikia?"

Watoto si wajinga. Kwanza alinong'ona mmoja wa mbele, gerezani, kisha neno likapita dawati kwa dawati, kisha mvulana wa nyuma akauliza kwa sauti, "Ghorofa ya ngapi, ya jela?" Na hapo wakacheka wote. Wale wale waliokuwa wanaisubiri theluji kila Ijumaa walicheka mpaka wakapiga madawati. Mmoja akamnyang'anya barua akaanza kuisoma kwa sauti ya askari. Chiriku alikuwa juu ya stuli, miguu haifiki chini, hawezi kushuka bila kusaidiwa.

Hakumtazama Bimkubwa hata kidogo. Alinitazama mimi. Alikuwa anapiga hesabu, na hesabu yenyewe ilikuwa fupi: bibi, Mungu, na mwalimu.

Jioni ile nilikwenda kwao. Chumba kimoja, pazia katikati, jiko mlangoni, sare ya pekee ya Chiriku imefuliwa inaning'inia kwenye msumari ingawa Jumatatu ilikuwa mbali.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu, karibu ukae." Alinifutia kiti kwa kanga yake. "Nilijua utakuja. Nimemwambia mjukuu wangu, mwalimu wako atakuja, yule ana moyo."

Chiriku alikuwa nyuma ya pazia. Niliiona miguu yake.

"Tangu mchana hajasema neno," bibi alisema. "Huyu, Mwalimu! Huyu ambaye nilikuwa namwomba anyamaze nisikie redio." Akanishika kifundo cha mkono, palepale alipokishika siku ile. "Kuna mtu amenisaliti. Sijui ni jirani, sijui ni nani. Nisaidie kumtafuta, mwanangu. Wewe ndiye mtu wetu."

Nikasema, "Nitamtafuta, Bibi."

Miguu nyuma ya pazia ikajivuta ndani, mmoja, kisha wa pili. Bibi alinisindikiza mpaka barabarani, akanishukuru mara tatu. Chiriku hakurudi shuleni. Baadaye nilisikia yuko kwa shangazi yake mji mwingine, anasaidia dukani, na wateja wanadhani ni bubu.

Jumatatu tulikutana ofisi ya Mkuu. Barua ya tatu ilikuwa mezani. Bimkubwa alisimama, mikono nyuma. Chuma aliegemea kabati. Na baba yake alikuwepo, mtu nadhifu, mwembamba, ana futi shingoni kana kwamba amekuja kuchukua vipimo. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akizungumza, na ile sauti ilikuwa nzuri.

Mkuu alisema, "Jambo moja nataka kulijua kabla sijaweka tarehe. Habari za mama wa yule mtoto ni siri. Nani alikuambia?"

Bimkubwa aliutazama ukuta.

"Ukisema," Mkuu akaongeza, "nitafikiri upya. Maana aliyekuambia ana kosa kubwa kuliko lako."

Sentensi ilikuwa ya maneno mawili tu: nilimwambia mimi. Niliyahesabu. Nilifikiria kazi yangu, chumba changu chenye harufu ya soksi, na jina langu zuri.

"Mwanangu," baba yake alisema kwa upole, akainama kidogo. "Usiogope. Mimi ni baba yako. Sema."

Baba akangoja, kisha akanyooka, akawageukia Mkuu na Chuma huku anatabasamu. "Ajabu ya Mungu. Huyu mnayemwona hajawahi kuzuia kitu hata kitandani, leo anazuia siri."

Chuma alicheka. Mkuu alikohoa kuficha kicheko chake. Masikio ya Bimkubwa yalibadilika rangi, basi. Alikuwa anatazama ukuta, na polepole akayahamisha macho mpaka kwangu, akayaacha hapo.

"Hakuna aliyeniambia," alisema. "Nilibahatisha."

Mkuu akaandika tarehe.

Niliwakimbilia getini. Baba alikuwa ametangulia hatua kumi, anaongea na mlinzi kuhusu suruali yake inayopwaya. Nilimshika Bimkubwa mkono, nikavuta pumzi, nikamuuliza kitu ambacho mtu mwenye haya asingeuliza.

"Kwa nini hukunitaja?"

Aliutazama mkono wangu mpaka nikauondoa. Kisha alifanya jambo la ajabu, alichuchumaa, pale kwenye vumbi la getini, msichana mrefu vile, akanitazama kutoka chini.

"Ukitaka kusema, Mwalimu, utasema mwenyewe," alisema. "Mimi nangoja. Sina haraka."

Akanyanyuka, akaishusha sketi yake, akamfuata baba yake.

Hiyo ni miaka sita sasa. Nimepandishwa cheo, mimi ndiye naibu mkuu. Karakana ile iko njiani kwangu, na Bimkubwa hukaa cherehani ya mbele, dirishani. Kila jioni nikipita hunipungia mkono, hanicheki, na mimi humpungia nikatembea haraka.